Kikohozi cha ukurasa wa 61

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, ofisi yetu ilipopakia makabati Dar es Salaam na kuja kuyapakulia huku. Mimi ni mtu wa masjala. Kutwa nashika mafaili, kwa hiyo watu hudhani nyumbani nasoma vitabu vizito. Kusoma nasoma, ila kwa miaka mingi nilificha ninachosoma. Juu ya meza ya sebuleni kilikaa kitabu kimoja kinene, cha kuonwa na wageni. Vile vingine vilikaa chini ya godoro: vya makachero, vya majambazi, vya wachumba waliopoteana stendi wakakutana msibani.

Aliyenitoa mafichoni ni mama mkwe.

Ilikuwa Oktoba 2022. Aliyewahi kukaa hapa anaijua Oktoba. Mvua iliaga Aprili, tangu Mei hujaona tone, na baridi ya Juni na Julai uliyovalia sweta umeshaisahau. Joto ndiyo kwanza linaanza kupanda kuelekea Novemba, na upepo unatoka mashariki na vumbi lake. Pwani ukipata joto unalowa jasho. Hapa jasho halikai, upepo unalilamba, unabaki na chumvi shingoni na vumbi jekundu puani. Shamba halilimiki mpaka mvua ishuke, na mvua yenyewe ni mwisho wa Novemba ikiwa na huruma, au Desemba. Kwa ufupi ni msimu wa kungoja.

Mama alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kulia. Kwake ni Buigiri, lakini daktari alitaka awe karibu na kliniki, basi akaja kwetu Nkuhungu. Masharti yalikuwa ya mwezi mzima: asiiname, asibebe ndoo, asikae kwenye vumbi. Asikae kwenye vumbi, Dodoma, Oktoba! Tulichoweza ni kumkalisha sebuleni, madirisha yamefungwa, kuanzia saa nne asubuhi upepo unapoamka mpaka jioni unapotulia. Feni inazunguka, inapuliza joto lile lile.

Mwanamke aliyelima uwele maisha yake yote hajui kukaa. Siku ya tatu alikuwa anachambua maharage yangu kwa kupapasa. Siku ya nne maharage yakaisha. Siku ya tano, ilikuwa Jumamosi, aliniuliza, “Mwanangu, hicho kitabu cha mezani kinasema nini?”

Sikuwa nimekisoma. Nikaona Mungu kanipa nafasi ya kukisoma nikiwa nafanya na thawabu.

Kufika ukurasa wa nne tulikuwa na watu kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake na la baba yake, na hadithi ilikuwa imerudi nyuma mara mbili, mara ya pili ndani ya ile ya kwanza. Mama aliuliza kwa adabu, “Huyu ni yule wa mwanzo au mwingine?” Nikarudi kutazama. Wakati natazama feni ikasimama, umeme umekatika. Mtoto akagonga geti anauza barafu. Niliporudi na barafu mama alikuwa anakoroma, na mimi nilipoketi sikuchukua dakika tano.

Kitabu kile si kibaya. Nilikirudia Julai iliyofuata, usiku, blanketi mabegani, nikakimaliza kwa siku tisa na mwishoni nikalia. Tatizo lilikuwa kukilazimisha Oktoba. Zamani nilidhani kitabu chepesi ni chembamba, au ni cha mambo ya kipuuzi. Siku ile ndipo nilipoelewa kuwa uzito wa hadithi ni hesabu ya vitu inavyokutaka uvishike kichwani kwa pamoja, huku jikoni maziwa yanafurika. Ukiweza kukiacha kitabu katikati ya sentensi, ukaenda kufunga bomba kwa sababu maji yamekuja na madumu yamejaa, ukarudi ukajua nani amesimama wapi, hicho ni chepesi, hata kiwe na kurasa 300.

Basi nikainua godoro.

Nilichotoa nilikuwa nimekinunua soko la Sabasaba, kwa mzee mmoja anayetandika turubai chini na kupanga vitabu vya mtumba. Mzee huyo hana habari na waandishi wala wachapishaji. Anakuuliza, “Dada, unataka cha kulia, cha kucheka au cha kukimbizana?” Ukijibu, mkono wake unakwenda wenyewe, na sijaona akikosea. Hiki kilikuwa cha kukimbizana. Jaladani mwanamume ameshika bastola, nyuma yake mwanamke wa gauni jekundu. Nilikuwa nimekisoma miaka kadhaa nyuma, na kichwani mwangu kilibaki kama hadithi ya almasi zilizoibwa na gari lililotumbukia mtoni. Mengine nilikuwa nimesahau. Ndiyo hatari ya kukiamini kitabu kwa kumbukumbu.

Mama alikipenda papo hapo. Maiti ukurasa wa kwanza, simu ya ajabu ukurasa wa tatu, kila sura kurasa nne au tano tu. Akawa anaegemea mbele, namkumbusha, “Mama, daktari amekataza,” anarudi nyuma. Tukaenda hivyo hadi ukurasa wa 61.

Niseme kwanza kwamba mimi na mama tunaheshimiana kama inavyotakiwa. Mkazamwana na mama mkwe kuna maneno hayapiti katikati yao. Nilipokuwa mjamzito, mimba ile tuliiita “safari” mpaka siku nilipojifungua.

Sasa ukurasa wa 61 kachero anafungua mlango wa chumba cha hoteli, na yule wa gauni jekundu yumo ndani. Nikaanza kuongeza mwendo. “Akaweka bastola mezani,” nikasoma. “Akavua koti.” Macho yangu yalikuwa yametangulia mistari mitatu, yakaona kinachokuja. “Aka—” Kikohozi kikanishika.

Nilikohoa ukurasa mmoja na nusu. Nikafunua, nikafunua tena, nikafika mahali pa usalama, nikasafisha koo. “Asubuhi yake alipanda basi la kwenda Mwanza.”

Mama alinyamaza. Kisha akasema, “Kunywa maji, mwanangu.” Nikanywa.

“Huyo bwana amelala wapi?”

“Hotelini, mama.”

“Peke yake?”

“Kitabu hakisemi.”

“Kitabu hakisemi au wewe ndiye husemi?”

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye akaanza kucheka, mkono juu ya kile kikinga-jicho cha plastiki, anacheka huku anajizuia maana hata kujikamua kumekatazwa. “Nimezaa watoto saba mimi,” akasema. “Ila ruka tu. Ruka, tusivunjiane heshima.” Tangu siku hiyo nikikohoa hasubiri nimalize. Anasema mwenyewe, “Haya, tukutane asubuhi.”

Kikohozi kile kilinifundisha kuchagua kitabu kuliko miaka yote ya kununua kwa jalada. Siku hizi nikiinama kwenye turubai la yule mzee siangalii mwanzo. Ukurasa wa kwanza umevaa nguo za sikukuu, kila mwandishi anajua kuupamba. Nafungua katikati, mahali patatu bila mpango, nasoma nusu ukurasa kila mahali. Naangalia watu wanaongea au mwandishi anahubiri. Naangalia kama kuna kinachotokea au watu wanakumbuka tu. Na kama kitabu kitasomwa mbele ya mtu mwingine, nakuwa macho na milango ya hoteli. Mahali pa nne ni mwisho, na hapo nitafika.

Mfanyakazi mwenzangu aliposikia mkasa wangu alicheka hadi machozi, kesho yake akaniletea Mzimu wa Watu wa Kale. Mwandishi wake ni Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ndipo anapoingia Bwana Msa, mpelelezi wa kiko, na rafiki yake Najum. Watu husema Bwana Msa ni binamu wa Sherlock Holmes, na undugu upo kweli, lakini ukimsoma Oktoba unaona zaidi mzee wa barazani: kakaa, kiko mdomoni, anawasikiliza wengine wakijichanganya.

Nilikuwa na wasiwasi. Kile ni Kiswahili cha Unguja cha zamani, na mama Kiswahili amekikuta ukubwani, lugha yake ni Kigogo. Mimi mwenyewe Kigogo changu kinaishia kwenye “mbukwa” ya sokoni. Kumbe wasiwasi ulikuwa wangu tu. Alikuwa akikutana na neno geni ananisimamisha, tunalijadili, analilinganisha na la kwao, anaamua lipi tamu, tunaendelea. Usiku mmoja tulisoma kurasa sita tu na hakuna aliyelalamika. Alimpenda Bwana Msa kwa sababu hana haraka. “Huyu,” alisema, “angekuwa mzee wa kwetu angeamua kesi za mipaka.”

Hapo ndipo nilipoacha kuchanganya wepesi na mbio. Kuna hadithi nyepesi inayotembea, na ipo inayokimbia. Za Elvis Musiba, zile za mpelelezi Willy Gamba zilizoanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, zinakimbia, na mimi nazipenda kwa safari. Lakini jioni ya joto, mtu ametoka kuwekewa matone ya dawa na lazima afumbe macho, ya kukimbia inachosha. Unataka inayotembea na wewe.

Wataalamu wa fasihi wana majina yao: riwaya dhati, ile ya mezani, na riwaya pendwa, ile ya chini ya godoro. Shuleni jina hilo la pili lilitamkwa kama unavyotamka jina la ndugu mlevi. Nilipomweleza mama akauliza, “Pendwa maana yake si inayopendwa?” Nikasema ndiyo. “Na hiyo nyingine?” Nikamwambia dhati ni kama ya kweli, ya moyo. Akafikiri. “Mimi nipe inayopendwa, hiyo ya moyo mtanisomea nikiwa mgonjwa kweli.”

Kwenye simu tulijaribu pia, nisiseme sana. Zile simulizi za WhatsApp zinakatwa vipande, ukifika sehemu ya 14 unaambiwa tuma shilingi 1,000 upate inayoendelea. Nikatuma. Iliyoendelea ni ukimya. Mama aliuliza habari za wale watu wiki nzima.

Sasa kitabu kisicho na mwisho.

Kilikuwa cha turubai lile lile, shilingi 1,500. Jalada halipo, jina la kitabu na la mwandishi vimekwenda nalo, hadithi inaanzia ukurasa wa 3. Nilifanya jaribio langu la katikati, mara tatu, safi kabisa, hakuna hoteli. Mji mdogo wa reli. Mwenye mashine ya kusaga anakutwa amekufa ndani ya mashine yake alfajiri, unga umemwagika, mlango umefungwa kwa ndani. Wanaoshukiwa ni mke wake, kaka yake, karani wa mauzo, fundi wa mashine na mganga mmoja anayedai deni. Watu watano. Kila mmoja ana kitu cha kumkumbukia: karani ana kikohozi (mama alinitazama), mganga ana baiskeli, mke hamalizi chai. Ukikiacha siku tatu ukirudi unawakuta wote walipo. Kwa msimu ule sijawahi kupata kitabu kilichotengenezwa vizuri hivyo, na sijui wa kumshukuru.

Tulikisoma jioni tano. Upepo ukitulia tunatoa mkeka chini ya mwarobaini wa nyuma, mume wangu analeta kiti anajifanya anarekebisha tochi, kumbe anasikiliza. Gundi ya vitabu vya zamani kwa ukame wa huku hukauka ikawa kama ganda la yai. Kila nikifungua mgongo unalia ka!, ukurasa unachomoka, mama anaushika kwa vidole asije akaupoteza upepo. Siku hizi nikipata kilichoshonwa kwa uzi nalipa zaidi bila kubishana.

Jioni ya tano tuko ukurasa wa 118. Inspekta amewaita wote watano kwenye mashine. Amefunga mlango. Amewatazama mmoja mmoja. Anamwambia askari alete kiti.

Basi. Nikafunua, nikakutana na uzi na mabaki ya gundi.

Hatukujua hata kama kiti kililetwa. Mume wangu ndiye aliyeanza kupiga kelele, yule wa tochi. Mimi nilikagua mkeka wote nikidhani kurasa zimedondoka. Mama alikaa kimya, halafu akaniambia nimsomee tena mahali mke anapolia, na mahali fundi anapofunga mkanda. Nikamsomea kwa mwanga wa simu maana umeme ulikuwa umekwenda.

“Fundi mwache,” akasema. “Fundi ana chuki, kweli, amenyimwa mshahara. Lakini jioni ile ile amefunga mkanda mpya kwenye mashine, na mkanda ni hela yake. Mtu anayejua mwenye mashine atakufa usiku hafungi mkanda mpya jioni.”

“Karani?”

“Karani mwizi tu. Mwizi anataka tajiri aishi.”

Alimwondoa mganga kwa sababu maiti hailipi deni. Mke akamwondoa kwa chai, sababu ambayo sikuielewa vizuri na yeye hakutaka kuieleza mbele ya mwanawe. Akabaki kaka. “Mmesoma wenyewe. Watu wamekaa msibani, maziko bado, kaka anakula ugali. Na amekula vizuri, ameomba mboga mara ya pili. Ni yeye.” Kisha akaitengeneza hadithi iliyobaki, kiti kikaletwa, Inspekta akakaa, kaka akaungama na kuomba maji ya kunawa. Ilikuwa tamu kiasi kwamba nilipokwenda kulala nilidhani nimeisoma.

Siku hizi kitabu cha mtumba nakiangalia nyuma kabla ya yote. Sisomi, nahakikisha tu kwamba sentensi ya mwisho ina nukta na baada yake kuna nafasi nyeupe.

Jicho lilipona. Mwisho wa Novemba mama alirudi Buigiri kuwahi mvua. Aliacha maharage yamechambuliwa na kitabu kinene kimerudi mezani, lakini vya chini ya godoro havikurudi chini. Vipo kwenye rafu, wageni wanaviona. Mmoja wao, mtu mkubwa tu ofisini kwetu, aliazima viwili na sijaviona tena.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2024 inaelekea kuisha, nilitumwa Dar es Salaam kikazi. Karibu na Posta kuna muuza vitabu wa chini kama yule wetu. Nilikuwa natafuta cha kusomea kwenye treni ya kurudi. Tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ianze kufika Dodoma mwaka huo, safari haifiki saa nne, na kwa mimi huo ni muda wa kurasa 120 hivi za watu wanaoongea. Nikafungua kimoja katikati. Unga umemwagika. Karani anakohoa.

Nilinunua bila kuuliza bei mara mbili. Nilikisoma chote tangu mwanzo, kwa kujizuia, sikutaka kuruka. Treni ilipomaliza mahandaki ya Kilosa ndipo askari alipoleta kiti. Inspekta hakukaa. Alikiweka katikati ya chumba, akapanda juu yake, akaonyesha alama ya mafuta kwenye boriti. Alikuwa fundi.

Niliifikiria njia nzima, kumwambia au nisimwambie. Usiku nikampigia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mnalalaje huko na joto?”

Nikamwambia nimekipata kile kitabu cha mashine, kikiwa na mwisho wake. Kelele za nyuma zikatulia, nadhani alitoka nje. “Haya,” akasema.

“Ni fundi, mama.”

Kimya. Nikasikia mbwa wa jirani yake.

“Na mkanda mpya aliufunga wa nini?”

Nikakichukua tena, nikapekua kurasa za mwisho, nikatafuta. “Kitabu hakisemi.”

“Umekohoa?”

“Sijakohoa, mama. Kweli hakisemi.”

“Basi huyo mwandishi hajawahi kuwa na mashine,” akasema, kisha akaniuliza kama Nkuhungu mvua imeshaanza.